Bangili za Saruji

Kwenye sakafu ya jiko la Sevanthi palikuwa na kiraka cha kijivu, karibu na kizingiti, mahali ambapo kigae kimoja kiling'olewa kwa patasi na shimo lake likazibwa kwa saruji tupu. Sakafu iliyobaki ilikuwa ya maua. Mumewe, Karuppaiah, alikuwa fundi wa kumwaga vigae hapo kijijini Athangudi, kusini mwa India, na kwa miaka mingi alibeba nyumbani vile vilivyotoka na kasoro, leo kimoja, baada ya wiki kingine, hadi jiko zima likatandikwa maua yasiyofanana. Mgeni akiingia alisifu bustani. Sevanthi aliona kiraka.

Pale palikuwa na mbuzi. Binti yao wa pekee, Kuyil, alimchora akiwa bado hajaanza shule, kwa kidole, kwenye kipande cha kioo, kwa rangi nyeusi iliyobaki chini ya bakuli la baba yake. Mbuzi alikuwa na miguu mitano. Kila aliyemwona alimshauri mtoto afute mmoja, naye akakataa katakata. Alisema ule wa tano ni wa kupumzikia. Karuppaiah alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alimmwaga mbuzi yuleyule kwenye kigae rasmi, mweusi juu ya manjano, miguu yote mitano, akampa nafasi ya heshima pale mlangoni.

Kuyil alipokua alikwenda kushona kwenye viwanda vya nguo vya Tiruppur, na huko akaolewa na Anburaj, kijana aliyekaa mashine ya jirani, mtu wa jamii ambayo jamii yao haioani nayo. Wazazi walipewa habari baada ya mashada ya harusi kuvalishwa. Karuppaiah hakupiga kelele. Alichukua patasi, akapiga magoti mlangoni mwa jiko, akamng'oa mbuzi, akaenda kumtupa anakokujua yeye. Kuanzia hapo jina la msichana halikutajwa tena ndani ya nyumba.

Katazo lile lilimletea Sevanthi shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Mke wa kwao hamtaji mumewe kwa jina, na tangu mtoto azaliwe yeye alikuwa akimwita Baba Kuyil. Jina la mtoto lilipofungiwa nje, mume naye akabaki hana jina la kuitiwa. Akitaka kumwambia chakula tayari, Sevanthi aligonga upawa kwenye sufuria. Akitaka kumwambia paa linavuja, alikohoa kwanza. Pechi, jirani yao muuza maua, aliyaona hayo yote kutoka uani kwake.

"Shoga," alimwambia siku moja, "nyumba ikiwaka moto utampigia mluzi?"

Sevanthi alicheka, kisha akaenda kulia karibu na pipa la maji, ambako saruji ingeweza kusingiziwa macho mekundu.

Maana siku hizo alikuwa na saruji yake mwenyewe. Vigae vidogo vya kuwekea glasi za chai alivianza kwa sababu ya mchana. Zamani mchana ulikuwa na mtoto ndani yake, baadaye ukawa na kumngoja mtoto arudi likizo, na baada ya hapo ukawa mrefu tu. Mwanamke mmoja wa Chennai, aliyekuja kununua sakafu ya nyumba yake, alitamani kuondoka na kitu kinachoingia mkobani, na karakana ya vigae haikuwa na kitu kama hicho. Sevanthi alimwahidi kabla hajajua ataanzaje. Aliomba vipande vya vioo vilivyovunjika, akamwendea mhunzi amkunjie pete za chuma upana wa kiganja, akatandika magunia kwenye baraza la nyuma. Vya kwanza vilipasuka. Vya pili vilitoka na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Baadaye vikaanza kutoka vizima, laini, vinang'aa kama vimepakwa samli, na watu wa mjini wakawa wanaviagiza kwa rangi ya mapazia yao.

Karuppaiah hakukataza, ila hakukosa la kusema. Wenye pesa wameishiwa miguu ya kukanyagia, alisema, sasa wanawekea vikombe sakafu. Alipokuta mkewe amevipanga juani alivikagua kwa ncha ya kidole cha mguu na kuuliza kama wanasesere wamehamia nyumba mpya.

Kazi yenyewe ni ya kifudifudi. Kioo husafishwa mpaka kilie, pete ya chuma huwekwa juu yake, na rangi iliyokorogwa kwa saruji nzito kama uji humwagwa kwa kijiko moja kwa moja kwenye kioo, ua kwanza, uwanja baadaye. Kisha hunyunyiziwa saruji kavu ya kunywa maji, juu yake hushindiliwa zege ya mchanga, mwiko hupita, na kinachobaki mbele ya macho ni duara la kijivu lisilosema kitu. Uso umelala chini, umebusu kioo. Hakuna anayeuona mpaka kesho yake, kigae kinapobanduliwa.

Kule karakanani kubandua ni kazi ya wanawake. Wanaume humwaga, huoga, huenda zao. Asubuhi wanapofika, vigae vya jana vimeshatumbukizwa kwenye birika la maji vipate nguvu, nao huanza vingine. Karuppaiah alikuwa amemwaga sakafu za majumba na mahekalu, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kubandua hata kimoja. Sevanthi alikuwa amebandua tangu usichana wake. Ndivyo walivyofahamiana: yeye alizijua kazi za mkono wake kabla hajaujua uso wake.

Mwaka ule, mvua zilipokuwa zimekwisha, Theivanai Aachi, bibi tajiri wa nyumba ya nguzo za msaji, alimwita Sevanthi. Mjukuu wake alikuwa anarudishwa kutoka Singapuri kwa sherehe ya bangili ya mimba yake ya kwanza, na Aachi hakutaka kuwapa wageni masufuria ya bati kama watu wengine. Alitaka kila mwanamke aondoke na kigae kidogo chenye duara la bangili, nyekundu na kijani. Sevanthi aliitikia, akashukuru, akapewa kahawa. Njiani aliipita nyumba yake mwenyewe bila kuiona.

Kwa sababu jana yake tu Pechi alikuwa amemletea habari pamoja na mafungu ya asumini. Kuyil alikuwa akipiga simu kwa Pechi mara mojamoja, kwa kuwa ya nyumbani isingepokelewa, na safari hii alikuwa amesema ana mimba, na si changa. Mwezi wa saba ulikuwa umeshakatika.

"Nani amemvisha bangili?" Sevanthi aliuliza.

"Amvishe nani? Mama mkwe alishakufa, na mama mzazi yuko huku anakoroga saruji."

Pechi alikuwa na ulimi wa pilipili lakini hakuwa na roho mbaya. Alipoona alichokisema kimemwingia mwenzake, alimchomeka asumini kwenye nywele.

Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mwezi wa saba, au wa tisa, wazazi wa msichana hubeba sinia za matunda, bangili za kioo na wali wa namna nyingi, wa ukwaju, wa limau, wa nazi, huenda kwa wakwe, humjaza binti yao bangili mpaka kwenye viwiko ili mtoto tumboni asikie mlio, kisha huomba waondoke naye. Huondoka naye. Hulala kwenye mkeka wa utotoni mwake, hupikiwa anachokitamani, huzaa akimshika mamake mkono. Sevanthi alikuwa ameuota mkeka huo tangu Kuyil akiwa na mapengo. Sasa umebaki mwezi mmoja wenye ruhusa, na ukipita, mwanawe angezalia kwenye chumba cha kupanga, katikati ya watu wa cherehani, na hakuna sherehe duniani ambayo ingeweza kulirudisha hilo nyuma.

Jioni ile alikohoa, akasema habari yote bila kutaja jina: kwamba yule ana mimba, kwamba wa saba umepita, kwamba wa tisa unakuja. Alisema angekwenda hata peke yake. Karuppaiah alikuwa anaosha miguu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomkatisha tamaa zaidi.

"Utakwenda kumwomba kama nani?" alisema. "Mtu anayemrudisha binti ni yule aliyemtoa. Sisi tulimtoa lini? Hatukuitwa, hatukuketishwa. Ukifika mlangoni pao na sinia zako, wakikuuliza ulikuwa wapi siku ya harusi, utawajibu nini?"

 Usiku na mchana Sevanthi alilitafuta jibu, na mikono yake ikimwaga bangili za mjukuu wa mtu mwingine. Duara jekundu, duara la kijani ndani yake, uwanja wa manjano. Wakati mwingine, akishindilia zege, alijikuta anapima kwa macho kama pete ya chuma ingemtosha Kuyil mkononi, au kama amenenepa.

Saruji haimsamehe mtu anayefikiria mambo mengine. Alisahau kupaka mafuta ya nazi vidoleni kama ilivyo desturi, akakoroga kwa mkono mtupu siku nzima, na siku iliyofuata ngozi ilichanika kwenye kila kiungo. Alifunga matambara, akaendelea. Maduara yakaanza kwenda upande. Nguzo za Aachi zilikuwa zimeshapambwa kwa maua, kwa mujibu wa Pechi, na kazi ilikuwa haijafika nusu.

Ikaangukia sikukuu ya Ayyanar, mungu mlinzi wa kijiji, karakana ikafungwa. Karuppaiah alirudi kutoka kwenye hekalu la farasi wa udongo akiwa na majivu kwenye paji la uso, akavua shati, akakaa barazani kwenye kivuli bila la kufanya. Alimtazama mkewe kwa muda. Akaguna. Akasema manjano ni mepesi mno, yatavuja kwenye kijani. Baadaye kidogo akasema duara lile si bangili, ni yai. Sevanthi alimsogezea kijiko bila kumtazama.

"Kama unaona ni yai, zungusha wewe."

Akazungusha. Hakuhitaji kalibu wala alama; kijiko kiliinama, mkono ukaenda mara moja, na duara likafunga palepale lilipoanzia. Alimwaga kimoja, akamwaga cha pili, akasahau kulalamika. Sevanthi alikaa kando na mikono yake ya matambara, akawa anampa rangi na kuchekecha mchanga. Walifanya kazi hivyo bila maneno mpaka jua likahamia upande wa pili wa mnazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kimya chao hakikuwa na miiba. Maji yalipokwisha, Sevanthi alichukua ndoo akaenda bombani, akakuta foleni, akachelewa. Aliporudi vioo vyote vilikuwa vimejaa, kila pete ina mgongo wake wa kijivu uliopigwa mwiko vizuri, na Karuppaiah alikuwa ameshaoga, ameshakwenda kuwasikiliza wapiga ngoma.

Asubuhi mumewe alikwenda kazini mapema kama kawaida yake. Sevanthi alikaa barazani, akaanza kubandua.

Kigae kikiwa tayari hakihitaji nguvu. Unakisukuma kwa kiganja, kinateleza kutoka kwenye kioo kwa sauti ndogo ya kunyonya, unakigeuza. Bangili. Bangili. Bangili nzuri kuliko zake, alikiri, na akazitumbukiza kwenye pipa moja baada ya nyingine. Kilichokuwa mwisho wa safu, kwenye kioo cha pembeni, kiliteleza kama wenzake. Alikigeuza.

Palikuwa na mbuzi. Mweusi juu ya manjano, mdogo kiasi cha kuenea ndani ya pete, kichwa kikubwa, mkia umesimama. Alihesabu miguu. Akahesabu tena, kwa kidole, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji.

Alikaa nacho mapajani mpaka kikalowesha sari. Hakikuwa kimeteleza tu mkononi mwa mumewe. Rangi nyeusi haikuwamo kwenye kazi ya Aachi, sherehe ya bangili haitaki nyeusi. Karuppaiah alikuwa ameinuka, akaenda kufungua kopo, akakoroga, akamchora mbuzi kwenye kioo, akamtazama. Kisha akamfunika kwa zege, akapitisha mwiko, akaoga. Mtu aliyemwaga kifudifudi maisha yake yote huamini kilichofunikwa kimefunikwa. Kesho kitabanduliwa na wanawake fulani, kitakwenda kwenye nyumba ya watu fulani. Alikuwa amesahau kwamba hapa mbanduaji ni mmoja.

Akakitumbukiza kwenye pipa pamoja na vingine, kwa kuwa hata mbuzi anahitaji maji ili asipasuke.

Karuppaiah alirudi mchana kula. Alikaa kwenye sakafu ya jiko, akanyunyizia maji kidogo pembeni ya jani la mgomba kama kawaida, na Sevanthi akampakulia wali na mchuzi wa mlonge. Upawa ulikuwa mkononi mwake. Sufuria ilikuwa pale. Hakuigonga.

"Baba Kuyil," alisema, "nikuongeze mchuzi?"

Mkono wa Karuppaiah ulisimama juu ya jani. Nje kuku waligombana, wakanyamaza. Sevanthi hakurudisha upawa nyuma. Aliushikilia palepale hewani, ukidondosha mchuzi kwenye maua ya sakafu.

 Karuppaiah akatengeneza kishimo katikati ya wali kwa vidole vyake, kama mtu afanyavyo anapotaka kuongezwa. Akamwagia.

Alikula hadi mwisho, akalikunja jani, na aliposimama ndipo akauliza, akitazama mlango, "Wa ngapi sasa?"

"Wa nane unaisha."

"Wa saba ulikwisha pita."

"Wa tisa upo."

"Nimekwambia hatuna cha kuwaambia wale watu."

"Tutawaambia tumekuja," Sevanthi alisema. "Wakiuliza tulikuwa wapi, tutainamisha vichwa. Vichwa tunavyo."

Karuppaiah alikwenda kunawa. Alinawa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. Hakuna aliyemtaja mbuzi, wala siku ile wala baadaye, na Sevanthi aliona ni haki. Mtu akikuchorea jambo kifudifudi, si adabu kumbandikia ukutani. Alipomaliza kunawa hakuchukua njia ya karakana. Alizungukia nyuma ya nyumba, akasimama kwenye ua wa Pechi, akaanza kuukagua mfereji wa maji machafu kwa makini ya mtu aliyeajiriwa na serikali.

Pechi, aliyekuwa anafunga mashada, alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Shemeji, mfereji wangu umekukosea nini?"

"Umeziba."

"Umeziba tangu mwaka juzi. Umeuona leo?"

Sevanthi alikuwa ameshafika nyuma yake. Alimwambia Pechi atoe simu. Hakufafanua, na Pechi, kwa mara moja katika maisha yake, hakuuliza. Alipiga, akampa. Simu ile ilikuwa imeharibika sikio, ilisema kwa sauti ya juu tu, kwa hiyo watu wote watatu, na mfereji, waliisikia sauti ya Kuyil ikisema, "Dada Pechi?"

"Ni mimi."

Ukasikika mlio wa kitu kinachowekwa chini. "Mama."

Sevanthi alikuwa amejiandalia maneno kwa wiki nzima na sasa yote yalimtoroka. Alisema wanataka kuja na bangili, mwezi wa tisa ukiingia. Alisema ataleta wali wa ukwaju. Alisema na kama Anburaj ataruhusu, kama yeye mwenyewe Kuyil atataka, mkeka wake upo.

 Sauti ya Kuyil ilikuwa ya mtu mzima, mtu ambaye amezoea kulipa kodi ya nyumba na kukosa mgeni. "Unataka wewe, au mnataka?"

Sevanthi hangeweza kumdanganya mtoto huyu, hakuwahi kuweza. Aliutazama mgongo wa mumewe pale mferejini. Aliunyoosha mkono wenye simu, akangoja. Karuppaiah alijifuta viganja kwenye shuka yake ya kiunoni, upande huu na upande ule, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea bakuli lililojaa mpaka ukingoni. Alisafisha koo. Akalisafisha tena.

"Umekula?" alisema.

Mashada yalikuwa yamemlalia Pechi mapajani, hafungi.

"Bado, Baba."

"Saa hizi bado? Jua limeshageuka."

"Harufu ya mafuta inanikataa."

"Kula wali na mtindi."

"Mtindi wa huku maji matupu."

"Tia limau."

"Nimetia."

Karuppaiah akakuna shingo. Sevanthi aliona kwamba ameishiwa, kwamba hicho ndicho kilichokuwa ndani ya ghala lake lote, na sasa mlango uko wazi na ghala ni tupu.

"Kwa siku unakula mara ngapi?" Karuppaiah aliuliza.

"Njoo uone mwenyewe," Kuyil alisema.

Karuppaiah aliitazama simu. Kisha akamrudishia mkewe taratibu, na kumwambia, kana kwamba yeye alikuwa mbali na hakusikia, "Anasema twende." Akaondoka kuelekea karakanani, akipita katikati ya jua kali bila kujifunika kichwa.

Pechi alimvuta Sevanthi upindo wa sari, akanong'ona: je, na kuja kuzalia hapa, amekubali? Sevanthi alitikisa kichwa, hilo hakulisema. Kuyil hakusema atarudi wala hakusema hatarudi. Huenda angevaa bangili, akawapikia chai, akawasindikiza hadi kituoni na tumbo lake.

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Sevanthi aliiweka sikioni ijapokuwa hapakuwa na haja. Upande wa pili kulikuwa na cherehani inayokimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, na karibu zaidi, pumzi ya mwanawe. Alisimama pale uani, akaisikiliza. Hakuna aliyekata.